Waziri Aliyechezewa Ngoma ya Wamboroi

Ipo nchi moja, jina lake tuliache, maana limebadilishwa mara nyingi hata wenyewe wakiulizwa ghafla hutazama bendera kwanza. Nchi hiyo inayapenda makabila yake kupita kiasi. Kalenda ya serikali ina picha zao, kila mwezi kabila moja, na Februari, kwa kuwa ni mfupi, walipewa Wamboroi. Kwa mapenzi hayo ikaundwa wizara nzima, Wizara ya Makabila, Mbuga na Vivutio Vinginevyo. Ikajengewa ghorofa, na katika ghorofa hilo Makabila yakapewa chumba kilicho jirani na choo, ili yasipate taabu ya kutembea.

Wamboroi walikuwa watu wa msitu wa Ngarisho. Kazi yao ilikuwa kurina asali. Mti mbichi hawaukati, kwa sababu mti uliokatwa hauna nyuki. Basi asubuhi moja wakaja askari, wakawaambia kwamba msitu umechoka kukaliwa na watu, sasa unataka kupumzika. Nyumba zikatiwa moto ili kuhifadhi mazingira. Baadaye ikajulikana kwamba wako watu wa nchi ya mbali waliokwisha kuichafua hewa yao yote kwa viwanda, wakaja wakainunua hewa safi ya Ngarisho. Serikali ikawauzia. Mkataba ukasema hewa hiyo isipumuliwe na mwingine. Tumbili walisamehewa. Wamboroi hawakusamehewa, maana tumbili hawajui kusoma, lakini Mmboroi mmoja alikuwa amefika darasa la nne.

Wakaachiwa kipande cha ardhi kati ya uzio wa msitu na barabara ya lami. Ukilala vibaya, mguu mmoja umo kosani na mwingine umo gurudumuni.

Hapo ndipo alipokaa Sirwa, mjane, pamoja na mama mkwe wake, Bibi Morunge. Mume wa Sirwa alizikwa msituni kwenye chemchemi, walikozikwa Wamboroi wote. Nao wana desturi yao. Mtu akizikwa pale, juu ya kaburi hutundikwa mzinga mtupu, kisha watu hungoja. Nyuki wakiingia mzingani, basi marehemu amefika na amepokewa huko alikokwenda. Matanga yanaanuliwa, watu wananyoa, wanaoa, wanacheka tena. Nyuki wasipoingia, msiba hauishi. Na waliokufa kando ya lami walizikwa kando ya lami, ambako nyuki hawaji kwa moshi wa malori. Kwa hiyo kila kibanda kilikuwa na matanga yasiyoanuliwa, na watoto walikuwa wakikua ndani ya kilio kama wengine wanavyokua ndani ya uchumi.

Bibi Morunge alikuwa na ugonjwa wa kufa, ila hafi.

"Hapa sifi," alikuwa akimwambia Sirwa. "Nikifa hapa nitakuwa nimekuachia kilio kisicho na mlango. Nenda kaniombee njia, mwanangu. Mimi nitamzuia huyu mgeni mlangoni mpaka urudi."

Sirwa akajifunga kanga, akaenda kumwombea njia.

*

Wizarani alipokewa vizuri sana na Afisa wa Utambuzi, kijana mpole, mwenye kalamu nyingi mfukoni na kazi chache mezani. Kijana akamweleza, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kula, kwamba kaburi la msituni hupewa kabila linalotambuliwa. Kabila hutambuliwa likikutwa linaishi katika mazingira yake ya asili. Mazingira ya asili ya Wamboroi ni msitu wa Ngarisho. Na yeyote atakayekutwa ndani ya msitu wa Ngarisho ni mvamizi, na mvamizi hana kabila, ana kesi.

Sirwa akauliza, sasa wao wafanye nini? Afisa akasema hilo ni swali zuri, na serikali inapenda maswali mazuri. Kisha akamtazama kuanzia kandambili mpaka kichwani.

"Halafu mama, tusidanganyane. Wewe ni Mmboroi kweli? Wamboroi tunawajua, wapo kwenye kalenda. Wanavaa ngozi. Wewe umevaa sweta."

"Ngozi zetu ziliungua ndani ya nyumba, siku ile mliyotuchomea."

Afisa akatikisa kichwa kwa huzuni. "Unaona sasa? Utamaduni mlikuwa nao, mkashindwa kuutunza."

Sirwa alikuwa mtu wa subira, si wa kupiga meza. Hasira aliimeza ikashuka chini, ikakaa na zile nyingine. Ndipo Afisa akampa habari njema. Mheshimiwa Waziri mwenyewe, Sefania Mtutura, alikuwa anakuja kuwatambua Wamboroi hadharani, mbele ya kamera na mbele ya wale walionunua hewa. Wakimfurahisha, hata la kaburi litasikika. Kitu kimoja tu kilitakiwa: ngoma yao ya asili, ile wanayocheza watu wote pamoja.

"Baba," akasema Sirwa, "ngoma ya watu wote tunayo moja, na ni ya maiti. Anayezungukwa nayo amekufa."

"Safi sana. Dakika ngapi?"

"Haichezwi kwa mtu aliye hai."

"Basi fupisheni," akasema Afisa, akamfungulia mlango.

*

Sirwa alipomfikishia Bibi Morunge maneno hayo, mama wa watu alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka wakadhani mgeni wake ameingia.

Ngoma hiyo, ili tuelewane, haina siri. Watu wanashikana mikono, wanamzunguka maiti kwa upande wa kushoto, polepole, miguu ikipiga ardhi. Mkubwa wao anaita jina la marehemu. Jina likiitwa lisipoitikiwa, anarushiwa majivu, na shughuli imekwisha. Kuanzia hapo hasalimiwi, hasikiwi, haonwi, kwa sababu ukimzoea maiti hataondoka. Zamani, wanasema, mzee mmoja aliyekuwa amezimia tu aliketi katikati ya duara baada ya majivu, akaomba uji. Hakuna aliyegeuka. Si kwamba hawakumpenda. Mkewe alipita karibu naye analia, na uji aliokuwa ameushika akaumwaga, lakini hakugeuka. Mzee mwenyewe akaona mambo yamekwisha, akainuka akaenda zake msituni. Ndivyo Wamboroi walivyo, desturi kwao ni desturi.

"Wanataka tumcheze mkubwa wao?" akauliza Bibi.

"Wanataka, mama. Nimewaambia. Hawasikii."

"Umewaambia, basi. Mwambie na yeye mwenyewe kwa kinywa chako. Akikataa, tumwache. Akikubali, mimi nitaita jina. Nibebeni mnipeleke."

*

Siku ya Kutambuliwa ilipambwa kweli. Mahema yalijengwa juu ya vibanda vya Wamboroi, kwa hiyo vibanda vikavunjwa kwanza. Wizara ilileta vijana wa mjini waliovalishwa vitambaa vya madoa ya chui, wakakaa mbele kama Wamboroi, ili wageni wasije wakachanganywa na Wamboroi. Walionunua hewa walikaa kivulini, na kila mara mmoja wao alivuta pumzi ndefu kuelekea msituni, kama mtu anayekagua mzigo wake bandarini.

Mheshimiwa Sefania Mtutura alikuwa mtu mnene wa mwili na wa sauti. Alizungumza muda mrefu, na aliposhangiliwa alingoja washangilie vizuri zaidi.

"Ndugu zangu Wamboroi," alisema, "mlikuwa gizani, tukawatoa. Mlikuwa juu ya miti, tukawashusha. Leo mko kando ya lami, mnaona magari ya kila aina. Nani kati ya babu zenu aliwahi kuona lori la saruji? Hayo ndiyo maendeleo. Nami leo ninatamka: mila zote za Wamboroi, zinazojulikana na zitakazogunduliwa, ni sheria za nchi hii, na zitamfunga kila mtu, kuanzia mimi mwenyewe."

Makofi yakapigwa. Ardhi hakuitaja. Msitu hakuutaja. Mila alizitoa zote, kwa sababu mila hazina mti wa kuuza wala hewa ya kupima.

Kisha ikaja zamu ya ngoma. Wapiga picha wakasema Waziri akiwa katikati picha itapendeza zaidi. Waziri akanyoosha koti la suti yake nyeupe, akaingia. Sirwa akamwendea mpaka mbele ya kifua chake, akamwambia kama alivyoagizwa.

"Mheshimiwa, anayezungukwa na ngoma hii amekufa. Toka."

Waziri akamshika bega, akageukia kamera. "Mama, kiongozi wa kweli hufa kila siku kwa ajili ya wananchi. Chezeni."

Wakacheza. Waliokuwa wakitazama waliipenda, wakasema ina huzuni ya asili. Lakini Wamboroi walikuwa hawaigizi. Kila mmoja alikuwa na matanga yake ya miaka, na mguu ulipopiga ardhi uliipiga kwa sababu. Bibi Morunge, akiwa juu ya machela yake ya fito, akaita: "Sefania Mtutura." Waziri alikuwa akitabasamu kwa kamera ya upande wa pili. Hakuitika. Sirwa akachota majivu, akamrushia juu ya ile suti nyeupe. Wageni wakapiga makofi.

Waziri akanyoosha mkono kumpongeza Sirwa. Sirwa akaupita kama mtu anavyopita tawi. Akanyoosha kwa mwingine, naye akapita. "Hongereni sana," akasema. Hakuna aliyegeuka. "Nasema hongereni." Wamboroi walikuwa wanakusanya fito za vibanda vyao kutoka chini ya mahema, wakizungumza habari za maji.

Aliyegeuka ni mmoja tu, Naibu Waziri, Bi Rozina Makwati, mwanamke mkimya ambaye kwa muda mrefu alikuwa akikishika kiti cha Waziri kwa macho. Akamwita Afisa wa Utambuzi pembeni, akamuuliza maana ya ngoma. Akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa leso, akaanza kulia.

*

Jioni redio ya taifa ikaacha muziki. Ikatangazwa kwamba Mheshimiwa Mtutura hatunaye tena, ametangulia kwa mujibu wa sheria aliyoitamka mwenyewe, jambo linaloonyesha uadilifu wake. Turubai la msiba likafungwa uani kwake naye yumo ndani anapiga kelele. Daktari wa serikali akaitwa, akampima, akasema moyo unadunda vizuri, ila kudunda kwa moyo ni suala la kitabibu, yeye hawezi kuingilia suala la kisheria. Majirani walikula pilau wakasifu jinsi marehemu alivyokuwa na sauti.

Alikwenda wizarani. Mlinzi, ambaye jana yake alimpigia saluti, akamwambia kwamba malalamiko ya marehemu hupokelewa yakiletwa na ndugu zake. Akatoa kitambulisho. Wakakipokea kwa heshima, wakakikata pembe kwa mkasi.

"Mimi ni mtu," akasema.

Wakamwambia alete uthibitisho.

Sirwa alimkuta kwenye benchi ya nje, alipokwenda kumwona Waziri mpya. Akakaa upande wa pili wa benchi hiyo hiyo, akatazama ukuta.

"Mama, wewe si ndiye... Mama, neno moja tu. Nitukane basi."

Sirwa alitazama ukuta. Desturi ni desturi, na siku hiyo, Mungu amsamehe, desturi ilimkaa moyoni vizuri kuliko siku nyingine zote.

Bi Rozina alimpokea kwa kumkumbatia. Alisema utamaduni wa Wamboroi umelisaidia taifa sana, hasa katika ngazi za juu. Sirwa akasema hakuja kushukuriwa, amekuja kuomba njia ya chemchemi, mama yake amechoka kungoja. Hapo Bi Rozina akakaa, akafunua mkataba wa hewa. Akasema yeye binafsi angefungua lango hata leo, lakini hewa si yetu tena. Aliye hai anapumua, na akipumua ameiba. Marehemu hana tatizo. Marehemu hapumui, wenye hewa hawana neno naye, aingie na apumzike.

"Na wa kumbeba?" akauliza Sirwa.

"Hao ndio tatizo, mama. Wabebaji wanapumua, tena sana, maana wamebeba. Ngojeni gari la wizara. Likipata mafuta litakuja kumchukua."

"Kwa hiyo Mmboroi akiwa maiti anaruhusiwa msituni."

"Bila kizuizi chochote," akasema Bi Rozina, akamshika mkono. "Serikali hii haina ubaguzi kwa marehemu."

Sirwa akarudi kwa miguu. Njiani, lori lililompigia honi atoke barabarani lilipigwa jicho hata dereva akazima honi.

Akamweleza Bibi Morunge neno kwa neno. Bibi akasikiliza, kisha akamshika Sirwa kifundo cha mkono.

"Kumbe mlango upo," akasema. "Ni mfupi tu, mtu anauingia kwa kulala. Haya, mimi natangulia. Msichelewe." Akageukia ukuta wa kibanda, akamkaribisha mgeni wake.

*

Kesho yake jua lilipochomoza wakamcheza Bibi Morunge mbele ya lango la msitu. Sirwa akaita jina, kukawa kimya, akamrushia majivu. Lakini duara halikuvunjika. Sirwa akamwita wa kwanza kulia kwake, akamweka katikati, pembeni ya machela. Wakamzunguka. Akamwita jina, naye akafumba midomo. Majivu. Akaja wa pili. Wanaume waliowahi kupanda miti mirefu kuliko minara ya wizara walisimama pale wakaitwa, wakauma midomo wasiitike. Kazi ilikuwa kwa watoto. Mtoto wa Kelesi, mama mmoja wa kibanda cha jirani, aliyekuwa ndio kwanza amejifunza kuitikia jina lake na kulionea fahari, alifungua mdomo, na mama yake akamziba kwa kiganja. Machozi ya mtoto yakapita juu ya vidole vya mama. Aliyeona hilo asije akasema wale watu walikuwa wanacheza.

Askari wa lango, jina lake Malogo, akapiga simu ya upepo makao makuu. Makao makuu wakampigia Bi Rozina. Bi Rozina akafikiri haraka. Akisema ngoma hii haiui, basi Mtutura yu hai na anataka kiti chake. Akisema inaua, anapoteza kabila zima, lakini kabila lililokufa halina madai, na Februari itabaki na picha ile ile. Akaagiza sheria iheshimiwe.

Mwisho akabaki Sirwa peke yake nje ya duara la waliokufa, hana aliye hai wa kumwita yeye. Akamgeukia Malogo.

"Njoo uniite."

Malogo alimjua. Alikuwa akinunua asali kwake enzi hizo, na asubuhi ile ya moto ni yeye aliyeshika kibiriti kwenye nyumba ya Sirwa. "Mama," akasema, "mimi sitakuwa nimefanya kosa?"

"Usiogope, mwanangu. Kutuua sisi halijawahi kuwa kosa hapa."

Malogo akavua kofia. Akaita, "Sirwa," akaita tena. Sirwa alimtazama machoni, hakuitika. Askari akachota majivu kwa mikono miwili, akayamwaga mabegani mwake polepole, kama mtu anayefunika mtoto shuka. Kisha akafungua lango, maana mkataba haukuwa na neno juu ya marehemu, akatazama pembeni.

Machela ilitaka watu wanne. Waliinuka watatu, wengine wamebeba watoto na mizinga. Sirwa akageuka kutafuta wa nne, na pale kwenye uzio, suti yake nyeupe ikiwa nyeusi kwa vumbi, akamwona Sefania Mtutura. Akamwona kabisa, maana marehemu kwa marehemu hawafichani.

"Kumbe upo," akamwambia.

Mtu mzima yule akaanza kulia, kwa kuwa ameonwa.

"Utalia mbele ya safari," akasema Sirwa. "Shika hapo. Usimtikise mama yangu."

*

Wakamzika Bibi Morunge kwenye chemchemi, ubavuni mwa mwanawe. Juu ya kaburi wakatundika mzinga, na juu ya makaburi mengine yote ya pale, ambayo mizinga yake iliungua, wakatundika mipya. Hata waliozikwa kando ya lami walitundikiwa, kila mmoja na mti wake, ili wapajue nyumbani. Kisha wakakaa chini, wakangoja, wakipumua polepole kwa adabu ya marehemu.

Alikuja nyuki mmoja akauzunguka mdomo wa mzinga wa Bibi, akaondoka. Baadaye likaja kundi zima, likaingia likivuma kama watu wanaoingia arusini. Hapo Kelesi akamnyoa mtoto wake nywele za matanga, na yule mtoto, alipoitwa jina, aliitika kwa nguvu hata tumbili wakageuka.

Mmoja wao alikuwa na redio ndogo. Wakasikia taifa linawalilia. Bendera zilikuwa nusu mlingoti. Bi Rozina alilitamka jina la Wamboroi sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu nchi ile ianze kuwa na redio. Akatangaza kwamba Februari itabaki kuwa yao milele, kwamba litajengwa jumba la kumbukumbu lenye sweta moja na kandambili, na kwamba taifa limepoteza raia wema, waliokuwa na haki zote sawa na raia wengine, na wenye msitu wao tangu enzi za mababu.

Sirwa alikuwa akifuta majivu shingoni. Mkono ukasimama.

"Kumbe tulikuwa raia," akasema.

Sefania Mtutura akakohoa kidogo, akanyoosha kola yake, akafungua mdomo kueleza.

Sirwa akamkabidhi kibuyu.

"Wewe kachote maji."